Vipindi vya kuumbuana: aliyesaini alikubali nini hasa?

#1 Mleta uzi

Wakuu, nianze kwa kujitaja mwenyewe kabla hamjanitaja. Miaka miwili nilikula mshahara wa vipindi hivi. Sikuwa mtangazaji na sikumwita mtu jukwaani. Nilikuwa mhariri wa picha: nimejifungia kwenye chumba chenye giza na kompyuta mbili, nakata hapa, naunga pale. Kipindi chenyewe sitakitaja, msiniulize.

Nazungumzia vipindi vile vya mtu kukalishwa kitini mbele ya hadhira, halafu mlango wa pembeni unafunguliwa na anaingia asiyetarajiwa. Mchepuko wa mumewe, kwa mfano, au baba aliyemkana, au rafiki aliyemlia fedha. Kuna bahasha ya vinasaba, kuna mashine ya kupima uongo, kuna mabaunsa wawili wa kuachanisha, na watu wanazomea. Humo humo naweka na vile vya kuwafungia watu kwenye jumba na kuwachonganisha hadi washikane mashati.

Kila kipindi kina kitu kinachouza. Mpira unauza bao. Sisi tulikuwa tunauza sekunde nne. Ni zile zinazoanza mlango ukifunguka au bahasha ikisomwa, kabla mhusika hajapata neno la kusema, wakati uso wake bado hauna mwenyewe. Hapo kuna hofu, aibu, hasira, na wakati mwingine kicheko cha kijinga ambacho hata yeye hajui kimetoka wapi. Mtayarishaji alikuwa akichungulia chumbani kwangu na swali moja tu: "Uso upo?" Nikijibu upo, anaondoka amefurahi. Nikisema haupo, mgeni alikaza, siku imeharibika.

Sasa uso ule haupatikani kama mtu anajua kinachokuja. Kwa hiyo nusu ya kazi ya ofisi nzima ilikuwa kuhakikisha hajui. Wageni waliletwa kwa magari tofauti, wakapitia milango tofauti, simu zikakusanywa, na msichana mmoja mpole sana kazi yake ilikuwa kukaa na mgeni na kumpigisha stori asije akashtukia. Na katikati ya usiri huo, mgeni huyo huyo anawekewa mkataba mezani asaini kwamba amekubali.

Amekubali nini? Huwezi kumwomba mtu ridhaa ya jambo ambalo kazi yako yote ni kumficha asilijue. Hilo ndilo lililonileta. Wengine mna maoni gani?

#2

Naweka kambi. Siti ya mbele kabisa.

#3

Mkuu acha kututoa machozi hapa. Hao ni watu wazima, wana akili timamu, wamelipiwa nauli na hoteli, wamesaini kwa mkono wao wenyewe. Kipindi kina miaka kibao hewani, wamekiangalia wakiwa kwao sebuleni, wanajua kabisa mlango huwa unafunguliwa. Ukienda kukaa kwenye kile kiti unategemea uletewe nini, keki? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Umaarufu nao ni cha uvunguni.

#4 Mleta uzi

Ndugu #3, hoja yako ni nzito kuliko unavyodhani, kwa hiyo nitaijibu taratibu.

Ni kweli anajua mlango utafunguliwa. Hajui ni nani atakayeingia. Mwaka 1995 huko Marekani, The Jenny Jones Show ilimwalika kijana mmoja kwa habari njema kabisa: kuna mtu anakupenda kwa siri, njoo umjue. Akaja amejiandaa. Jukwaani akakuta ni mwanamume mwenzake anayemfahamu. Akacheka cheka, kipindi kikaisha, wakarudi makwao. Siku tatu baadaye akanunua bunduki, akamfuata yule mwenzake nyumbani kwake Michigan akamuua. Muuaji ni yeye, alifungwa na alistahili, wala sina nia ya kumsafisha. Ila tazama na upande wa aliyekufa: yeye alijua yote yatakayotokea jukwaani na aliridhia, lakini aliwekwa mbele ya mtu ambaye hakujua chochote. Kipindi chenyewe hakikurushwa kamwe.

Familia ya marehemu ilishtaki, na mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama likawapa zaidi ya dola milioni 25. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikafuta: kwamba kipindi hakikuwa na wajibu wa kisheria wa kumlinda mgeni dhidi ya uhalifu wa mgeni mwenzake siku tatu baada ya kurekodi. Kisheria pengine ni sawa. Mimi nilichojifunza ni kwamba sheria ilitazama siku ile ya tatu, haikutazama zile sekunde nne.

Halafu hili la umaarufu. Nimewaona hao watu kwenye kanda ghafi, saa kwa saa. Wachache walikuwa wanatafuta umaarufu. Wengi walikuja kwa sababu kipimo cha vinasaba kinagharimu na sisi tulikuwa tunalipa. Au waliahidiwa mshauri nasaha. Au walikuwa kwenye ugomvi wa miaka sita, ndugu wamechoka kuwasikiliza, na kwa mara ya kwanza kuna mtu anawapigia simu kila siku kuwauliza wanaendeleaje. Mtu huyo ni yule msichana mpole.

#5

Nimesoma mpaka hapo kwenye msichana mpole nikaweka simu chini kwanza.

#6

Jamani mimi naomba niwe mkweli kama mleta uzi. Navipenda. Nikitoka kazini nimechoka naweka miguu juu nawaangalia wanavyotoana macho, naona kumbe mimi na mume wangu tuko vizuri tu. Najua si kitu cha kujivunia. Lakini mkuu, mbona kuna wanaopatanishwa? Wapo waliokutanishwa na watoto waliopotezana nao. Nililia siku hiyo.

#7 Mleta uzi

Dada #6, asante, nawe usijisikie vibaya. Wapo waliopatanishwa kweli. Ila mwaka 2007 hakimu mmoja wa Manchester aitwaye Alan Berg alipewa kesi ya mwanamume aliyempiga mwenzake kichwa wakati wa kurekodi The Jeremy Kyle Show, kipindi cha kuumbuana cha runinga ya ITV ya Uingereza. Hakimu akasema hadharani kwamba kipindi hicho ni kama ule mchezo wa kale wa kumfunga dubu na kumchokoza kwa mbwa, isipokuwa dubu sasa ni binadamu. Wakati huo kilikuwa na miaka miwili tu hewani. Kikaendelea miaka 12 mingine.

Kilichokifunga ni mzee wa miaka 63. Mei 2019 alikwenda kuthibitisha kwa mchumba wake kwamba hakumsaliti. Akapimwa kwa mashine ya uongo, akaambiwa amefeli. Siku chache baadaye akafa kwa mkono wake. ITV wakakifuta kipindi mwezi huo huo, na bunge la Uingereza likaanza kuchunguza vipindi vya aina hii.

Hapa niwe mwangalifu, maana najua kuna watakaonirushia. Septemba 2024 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi kwamba inawezekana yaliyotokea studio yaliongeza uchungu wake, lakini hakukuwa na ushahidi wa kutosha kusema ndiyo yaliyosababisha kifo. Naupokea uamuzi huo. Mtu hafi kwa sababu moja. Ndiyo maana sipendi mjadala huu uanzie kwenye vifo. Kuna maelfu waliorudi nyumbani salama na aibu yao, na kwao swali ni lile lile.

#8

Hiyo mashine inafanya kazi kweli au ni kiini macho?

#9 Mleta uzi

Inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho la vidole. Haipimi uongo. Muongo aliyetulia anapita, mkweli aliyejaa hofu anafeli. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti nene baada ya kupitia tafiti zilizokuwepo, likasema usahihi wake hautoshi kutegemewa hata kuchuja wafanyakazi wa usalama. Sasa mtu amekaa mbele ya kamera, ndoa yake iko rehani, unampima jasho. Asitoke jasho ana nini, barafu?

Tena kwenye runinga mashine haihitaji kuwa sahihi. Inahitaji kutoa jibu la ndiyo au hapana kabla ya matangazo ya biashara.

#10

Nauliza tofauti kidogo. Hawa wanaoonewa tuwahurumie, sawa. Vipi wahalifu? Kulikuwa na To Catch a Predator ya NBC, mijanaume inajipeleka kwenye nyumba ikidhani inakutana na mtoto, inamkuta mtangazaji na kamera. Hao nao tuulize habari za ridhaa? Mimi nilikuwa napiga makofi.

#11 Mleta uzi

Ndugu #10, hata mimi nilipiga makofi. Hapo hoja yangu ya ridhaa haifiki mbali, maana anayekwenda kuwinda mtoto hana haki ya kulalamika kwamba kashtukizwa. Swali linakuwa jingine: kamera inamtumikia nani?

Novemba 2006 huko Texas, mmoja wa waliokuwa wanachati na "mtoto" huyo wa bandia alikuwa mwendesha mashtaka msaidizi. Hakwenda kwenye ile nyumba. Polisi wakaenda kwake na kikosi cha silaha, na watu wa kamera wakiwa nje wanarekodi. Walipoingia akajipiga risasi. Dada yake akaishtaki NBC, jaji akakubali kesi iendelee mwaka 2008, kisha wakamalizana nje ya mahakama. Na wale wengine zaidi ya 20 waliokamatwa kwenye operesheni hiyo? Mwendesha mashtaka wa wilaya alikataa kuwafungulia kesi. Yaani uso ulipatikana, hukumu haikupatikana. Kama wewe ni mzazi hiyo inakusaidia nini?

#12

Mimi kazi yangu ni mikataba, nichangie kidogo upande huo. Mleta uzi anapigana na neno "ridhaa", ila mahakama kadhaa zimeliruka neno hilo zikauliza: huyu mshiriki si mfanyakazi?

Juni 2009 mahakama ya juu ya Ufaransa ilisema washiriki wa L'Île de la tentation, kipindi cha kuwapeleka wapenzi kisiwani kujaribiwa, walikuwa na mkataba wa ajira, hata kama karatasi waliyosaini iliitwa jina jingine. Wanaambiwa pa kwenda, cha kufanya, muda wa kufanya, na kuna anayepata fedha kwa hicho wanachofanya. Wakisema hiyo ni likizo, ni likizo gani yenye bosi?

Mwaka 2019 tume ya fidia za wafanyakazi ya New South Wales, Australia, ilikwenda mbali zaidi. Mshiriki wa House Rules, shindano la kukarabati nyumba, alisema kipindi kilimhariri aonekane mnyanyasaji, akatukanwa mitandaoni mpaka akaumia akili. Tume ikaamua alikuwa mfanyakazi, kwa hiyo jeraha hilo ni la kazini, kama aliyekatwa kidole na mashine kiwandani. Na Desemba 2024 ofisi ya kanda ya bodi ya mahusiano ya kazi ya Marekani ilifungua malalamiko ikidai washiriki wa Love Is Blind, kipindi cha kutafuta mchumba, ni waajiriwa.

Mkishakubali ni mfanyakazi, kifungu cha "nimejitakia mwenyewe" hakina kazi tena. Mchimba madini naye alijitakia, lakini mwajiri bado anadaiwa kofia.

#13

Bonge la uzi. #12 umenena.

#3

Haya, kofia ya mchimba madini nimeielewa. Lakini mleta uzi ulisema ulikuwa mhariri. Tuambie mlikuwa mnadanganya kiasi gani? Maana mimi siku zote nasema picha haidanganyi.

#14 Mleta uzi

Nilikuwa najua swali hili litakuja.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1973 runinga ya umma ya Marekani, PBS, ilirusha An American Family, familia moja iliyofuatwa na kamera kwa miezi. Saa 300 hivi za picha zikawa vipindi 12. Familia ikalalamika kwamba kilichoonekana kilikuwa ugomvi mtupu, siku zao za kawaida zimetupwa. Fanyeni hesabu wenyewe ni kiasi gani kilibaki sakafuni.

Mwaka 1997 Uswidi walirusha Expedition Robinson, watu kisiwani wanapigiana kura. Wa kwanza kutolewa alirudi nyumbani akiwa na hofu jinsi watakavyomkata aonekane. Alijiua kabla kipindi hakijaanza hata kuonyeshwa. Hofu yake ilikuwa ya mtu kama mimi, mtu wa chumba chenye giza ambaye hakuwahi kumwona.

Zana za kazi ni rahisi, hakuna uchawi. Kwanza kuna uso wa kukopa: mtu amekunja uso saa nne asubuhi kwa sababu ya taa, unauchukua unauweka mchana dada yake anapolia, na sasa anaonekana hana utu. Kuna kushona sauti, maneno matatu ya leo na mawili ya jana yanakuwa sentensi ambayo hakuwahi kuitamka; ukitaka kuligundua, angalia kama unauona mdomo wakati sentensi inasemwa au wamekuonyesha kisogo. Na kuna kukata jibu, ambayo ndiyo niliyoitumia sana na ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna uongo ndani yake. Mama mmoja aliulizwa kwa nini alimwacha mwanawe kwa bibi. Alinyamaza, akameza mate, kisha akaeleza dakika sita, na maelezo yalikuwa na mantiki kabisa. Mimi nilibakiza swali, nikabakiza ukimya, nikapeleka kwa hadhira inayoguna. Dakika sita zikaenda.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa mwosha, na niliitangaza.

Yule mama aliandika barua pepe ofisini akiomba apewe zile dakika sita, hata kama hazirushwi, awaonyeshe wanawe tu. Ilipita kwangu. Nilimpelekea mkuu wangu naye akaniambia mkataba haumruhusu. Ulikuwa unasema hivyo kweli, kwamba picha zote ni mali ya kampuni na tunaweza kumwonyesha kwa namna yoyote hata ya kumdhalilisha. Sikumjibu.

#6

Mungu wangu.

#15

Na Japani je? Yule binti mwanamieleka.

#16 Mleta uzi

Hana Kimura, miaka 22, Terrace House, kipindi cha vijana wanaoishi nyumba moja, Mei 2020. Ugomvi wa nguo yake ya mieleka kuharibikia kwenye mashine ya kufulia. Akamfokea mwenzake, akaipiga kofia yake, basi. Matusi yakamwagika mitandaoni hadi akajitoa uhai. Mama yake amedai kwamba wafanyakazi wa kipindi walimchochea binti yake, watengenezaji wamekana. Kipindi kikafutwa.

Kilichonigusa ni yaliyofuata. Mwaka 2022 Japani ilibadilisha sheria ya matusi: zamani adhabu ilikuwa kuwekwa ndani chini ya siku 30 au faini isiyofika yen 10,000, sasa ni kifungo hadi mwaka 1 au faini hadi yen 300,000. Sawa, mtukanaji adhibiwe. Lakini mtukanaji alitukana sura aliyoandaliwa na kupakuliwa, na aliyepakua sheria hiyo haimgusi.

Waingereza walijaribu upande wa wapakuaji. Tangu Aprili 2021 Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, inawataka watangazaji kuchukua tahadhari ya kutosha kwa ustawi wa washiriki walio katika hatari ya kuumia. Upimwe akili kabla, upigiwe simu baada. Ni hatua. Ila naogopa tunaboresha gari la wagonjwa na kuacha shimo barabarani. Mshauri nasaha anayesubiri nyuma ya pazia ni ushahidi kwamba tulijua utatoka umeumia.

#17

Mnahangaika na runinga, runinga imeshazeeka. Siku hizi jamaa ana simu na kipaza sauti, anawasimamisha wapenzi barabarani: badilishaneni simu tuone meseji. Ndoa inavunjika palepale, watazamaji milioni. Hakuna mkataba, hakuna Ofcom, hakuna mwanasaikolojia, hata maji ya kunywa hakuna.

#12

Tena kisheria hapo pagumu zaidi. Huyo hajaajiri mtu. Na zile meseji zina mtu wa tatu ambaye hayupo barabarani wala hajui jina lake linasomwa.

#3

Nusu ya hizo ni maigizo, wanalipana.

#17

Na ile nusu nyingine?

#3

Mleta uzi, tusizunguke. Wewe unataka nini? Zifungwe? Mwaka 2003 wabunge wa Malawi walipitisha kuzuia Big Brother Africa isionyeshwe, eti maadili. Unataka twende huko?

#18 Mleta uzi

Hapana. Kule walikuwa wanamlinda mtazamaji asione, aliyekuwa ndani ya jumba hakuna aliyemuulizia. Mimi nataka kitu kimoja, kidogo tu. Mshiriki aonyeshwe kipindi kilichokatwa kabla hakijarushwa, apewe siku saba, na katika siku hizo aweze kusema sitaki bila kudaiwa hata senti. Ridhaa ichukuliwe baada ya bahasha kufunguliwa, wakati sasa anajua anakubali nini.

#3

Hahaha mkuu, hakuna atakayekubali. Hakuna kipindi hata kimoja kitakachorushwa.

#18 Mleta uzi

Nilikuwa nasubiri uliseme wewe.

#3

Nimekuelewa. Sijakubali, ila nimekuelewa.

#6

Wapendwa narudi. Jana usiku nimekiangalia tena, nilisema nitaacha sijaacha. Mlango ulipofunguliwa nikajikuta nahesabu. Mleta uzi ulisema sekunde nne. Mimi nimepata saba.

#19 Mleta uzi

Siku hizi wanapunguza mwendo wa picha, dada.